Yowe Nililopiga Ndani ya Lori

Yowe la yule dada jukwaani bado nalisikia. Katika mchezo ule ng'ombe wa baba yake walikuwa wameibwa, na alipolipiga, ukumbi mzima pale Tarime ulisisimka. Mimi nililia machozi ya kweli, jamani! Kikundi cha maigizo cha kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kinatafuta msichana, na nafasi hiyo niliitaka kuliko gauni jipya.

Wakati wa kurudi mvua ikatukuta, radi juu ya radi, na lori la kijiji likazama kwenye tope karibu na maboma ya watu. Nikamwambia binamu yangu Bhoke kwamba hata mimi lile yowe naliweza.

"Wewe? Na hiyo sauti ya kifaranga?"

Basi nikasimama, nikavuta pumzi, nikalipiga lote. Bhoke akaziba masikio! Nilikuwa bado najisifu moyoni niliposikia boma moja likiitikia, kisha lingine ng'ambo ya mto. Nami mtoto wa Kikurya, nilisahau vipi? Kwetu ukisikia yowe la ng'ombe walioibwa hulali tena, unatoka. Wanaume wakaja mbio na pinde na mikuki, wamelowa chapachapa.

"Ng'ombe wamepelekwa wapi?" akauliza mzee wa mbele, akihema.

Dereva akanimulika kwa tochi.

"Shikamoo baba," nikasema. "Walikuwa ... ng'ombe wa mchezo."

Shikamoo yangu haikuitikiwa. Nikashuka peke yangu kwenye tope, nikaanza kulisukuma lori.