Shahada ya Kumtosa Mzee

Sijawahi kuiheshimu shahada yangu ya uzamili ya biashara, na kwa umri huu wa kuitwa bibi sitaanza leo. Imo kwenye begi chini ya kitanda, pamoja na picha za harusi ya mtu niliyekwisha kugombana naye.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu cha umma kikiuzwa na kila aliyenunua akiitwa mwekezaji. Kiwanda chetu cha kuchambua pamba, nilikokuwa mkuu wa mauzo, nacho kikapata mwekezaji wake. Hakupaka hata ukuta rangi. Alitutangazia wakuu wa idara kwamba atatusomesha shahada hiyo, na kwamba taarifa ya mhadhiri ndiyo itakayoamua nani abaki kwenye kiti chake.

Basi kila Jumamosi tukakusanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja Kirumba, pale Mwanza, madirisha wazi, harufu ya dagaa ikiingia kutoka soko la samaki la Mwaloni na kelele za uwanjani zikitufikia kila kulipokuwa na mechi. Humo ndimo tulimofundishwa kuitawala dunia. Somo la teknolojia lilikuwa kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, tukiitazama kwa zamu. Biashara ya kimataifa tulifundishwa na mtu ambaye, naapa, hajawahi kuuza hata karanga. Alichora mishale ubaoni kutoka bara hadi bara, huku nje malori ya minofu ya sangara yakielekea uwanja wa ndege, na wala hakugeuza shingo.

Mtu huyo huyo, mhadhiri wetu, ndiye aliyetufundisha uongozi. Alikuwa mtoto wa huku huku ziwani, amelelewa na bibi kama sisi, ila miaka michache ya ng'ambo ilimwondolea lafudhi na adabu kwa pamoja. Siku ya kwanza alipiga marufuku shikamoo darasani. Alisema heshima inaua ubunifu. Wenzangu waliliandika neno hilo, nikawaona, na wengine wakalipigia mstari.

Darasani wa kuamkiwa alikuwa mmoja tu, meneja wetu wa kiwanda, ambaye sote tulimwita mzee. Simsifu kupita kiasi. Alikuwa mbishi, mchoyo wa gari la ofisi, na somo la teknolojia alilisinzia lote. Lakini alikuwa amebakiza kidogo astaafu, nyumba aliyolala na familia yake ilikuwa ya kiwanda, na taarifa mbaya ingemtoa kazini na nyumbani kwa mkupuo. Alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana mtu wa umri ule alikalia kiti cha plastiki kila Jumamosi, na kaunda suti yake, akinakili mishale.

Jumamosi moja mhadhiri alituweka watu sita katika duara. Akasema tumo ndani ya mashua, mashua inazama, na lazima mmoja atupwe majini ili wengine wapone. Tuchague nani. "Haya ndiyo maamuzi magumu," alisema, akitabasamu. Mwanza! Mwanza, ambako meli ilikuwa imezama juzi juzi tu na mtaa usiofunga turubai la msiba huukuti. Nilishindwa hata kumtazama usoni kwa kinyaa.

Nani amtaje mwenzake? Kimya kikawa kirefu, kikawa aibu, na mzee akafanya lile ambalo mzee yeyote wa kwetu angelifanya kuwaondolea watoto aibu. Alikohoa kidogo.

"Nitupeni mimi," akasema. "Nimeshaishi."

Kila aliyelelewa anajua kinachofuata hapo. Mzee akiinuka kumpisha mgeni kiti, unamwambia "kaa, baba," mwingine anadakia "kaa, mzee," naye anakaa. Mzee akisema nyama wapewe watoto, anawekewa kipande kizuri. Anajitoa ili akataliwe, na kumkatalia ndiyo heshima yenyewe. Mhadhiri alijua. Bibi yake alimfundisha hayo kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati.

"Haiwezekani, mzee," nikasema. "Wewe unabaki."

Mhasibu wetu, kijana wa tai nyekundu, hakungoja nimalize. "Tunashukuru, mzee," akasema. "Kwa niaba ya kundi, tumepokea."

Wengine watatu wakaangalia viatu vyao. Mhadhiri akapiga makofi, akasema kundi letu limeamua haraka kuliko makundi yote.

Taarifa ilipofika kwa mwekezaji, mzee aliitwa ofisini akaambiwa hana tena hamu ya kuongoza. Mwenyewe alikuwa ametamka, mbele ya mashahidi, kwamba wakati wake umekwisha. Kiti chake akapewa mhasibu. Kwenye hafla ya kumuaga mzee, huyo mhasibu alisimama na chupa ya soda mkononi akatuhutubia kuhusu mabadiliko, mabadiliko, mabadiliko, na wale wenzangu wa kupiga mistari wakamshangilia. Mimi niliondoka kabla ya chakula.

Siku mzee anahama nilikwenda kwake. Lori la kuwapeleka kijijini Misungwi lilikuwa limeshasogezwa mlangoni, mkewe akikusanya masufuria. Nikamwambia nakwenda kwa mwekezaji. Nitamweleza desturi yetu, nitamwambia yule mhadhiri alijua fika na akanyamaza. Nilikuwa nalia kwa hasira. Mzee alikuwa anafunga godoro kwa kamba, hakuacha kufunga.

"Utamwelezaje, mama?" akaniuliza. "Mlikuwa watano pale, na wote mmekulia mikononi mwangu. Wewe nilikusikia. Nikawa namsubiri wa pili."