LIM Ndani ya Ulimwengu

Nilikuwa msichana wa darasa la tano, Manzese, nilipopatwa na wazimu wa herufi tatu. Mama alikuwa akikaanga maandazi na kuyafungia wateja katika magazeti ya zamani. Kwenye ukurasa wa watoto, kona ya chini, kulikuwa na fumbo: unapewa herufi tatu, halafu utafute maneno marefu yaliyozibeba tumboni, zikiwa zimefuatana vilevile. Siku moja zilikuwa LIM. Mwalimu! Elimu! Kilimo! Nilipiga kelele kila nilipopata neno, na nilipolipata ulimwengu nilitoka mbio hadi barabarani bila viatu. Nilikuwa nikizificha kurasa zile chini ya godoro, na mama akinigombeza kwamba wateja wataondoka na maandazi mikononi.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa inasoma. Watu wazima walikwenda darasani alasiri, sisi watoto tukishatoka, na mama alikaa kwenye dawati langu mwenyewe, magoti yakigonga ubao. Alikuwa na sababu. Akina mama wa ushirika wa ushonaji wa mtaani kwetu walikuwa wamemchagua awe katibu, lakini tawi la chama lilisema katibu lazima awe na cheti cha kusoma. Mama aliutaka ukatibu ule mpaka akauota. Miaka miwili alikuwa akisema mambo kwenye mkutano, na mwingine akiyaandika kwenye kitabu cha mikutano.

"Mie nasema hivi, kitabu kinasema vile," alilalamika. "Mara hii nitaandika mwenyewe."

Basi nikajitwika kazi ya kumsaidia. Kila siku akikanda unga, mimi nilimsomea kitabu chake cha darasani kwa sauti, naye akafuatisha. Utotoni kwao Lindi alikuwa amesoma chuoni, Kurani, na huko mtoto alianza kwa kuishika kwa sikio, akiyumba mbele na nyuma, hadi ikae kifuani. Na mama alikishika kitabu kile hivyo hivyo, akiyumba juu ya beseni la unga. Mwezi haukuisha, alikuwa akisoma bila kukwama popote. Nilivimba kichwa! Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mama yangu ni mimi niliyemfundisha.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka wilayani, kijana mpole mwenye miwani. Sisi watoto tulining'inia madirishani. Mama aliamkiwa shikamoo, akaitikia, akafungua kitabu chake na kuanza. Alisoma vizuri ajabu. Ila kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa mafuta ya maandazi, naye alipogeuza, alizigeuza zote mbili kwa pamoja. Akaendelea. Kidole kilitembea juu ya ukurasa wa pamba, mdomo ukasoma habari za kufuga kuku, neno kwa neno, kwa madaha.

Mtahini aliinama, akatazama kitabu, akamtazama mama.

"Mama, hao kuku wako wapi? Mbona mimi naona pamba tu?"

Darasa likaangua kicheko. Mama aliutazama ukurasa, na nikaona kwamba haujui. Hakujua hata anaitafuta wapi hiyo pamba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu kosa lile lilikuwa langu kuliko lake. Mtahini hakucheka. Alimwambia arudi Jumamosi ijayo, atamsomesha kitu kilicho nje ya kitabu.

Nyumbani mama alikaa juu ya kigoda, mikono mitupu.

"Basi, wampe mwingine huo ukatibu. Mie kichwa changu ni cha kushika, si cha kusoma."

Hapo nilipandwa na hasira! Nilichukua kipande cha mkaa, nikaandika sakafuni MWALIMU, herufi ndogo zilizobanana. Nikamuuliza LIM iko wapi.

"Haimo," akasema. "Kuna mwa, kuna li, kuna mu."

Walikuwa wamefundishwa kwa silabi, na mama aliona matofali matatu, basi. Niliziba mwanzo kwa kidole kimoja na mwisho kwa kingine, zikabaki L, I na M. Mama akashuka kwenye kigoda. Akapiga magoti. Akatoa vidole vyangu, akaweka vyake, akaziba, akafunua, akaziba tena.

"Ala! Kumbe imejibanza humu, li nzima na nusu ya mu! Tena! Nipe nyingine!"

Sikulala kwa furaha, wallahi. Kesho yake nilimpa NDO, akaikuta ndani ya Kinondoni. Nikampa AMA, akatoka nayo hadi kwenye kamba ya nguo kuitafuta kwenye kanga. Majina ya kanga zake zote aliyajua kwa moyo, akaanza kuyataja.

"Jina halinisaidii," nikamkatiza. "Weka kidole penye herufi."

Akaweka. AMA ilikuwa ndani ya salama, imekaa pale muda wote akijifunga kiunoni! Kanga zetu zilipokwisha alihamia za majirani. Jirani mmoja alikuwa akitoka kuoga, ndoo mkononi, na mama akamfokea, "Simama hapo hapo, dada, usigeuke!" Mwenyewe akasimama anatiririka maji huku mama akimchungulia mgongoni, na wanawake wa ua mzima wakicheka mpaka kukaa chini. Alhamisi maandazi yaliungua yote.

Jumamosi mtahini alitoa mkobani gazeti la siku ile ile. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amelisoma. Alichagua habari fupi, akampa mama. Alisoma vibaya! Alikwama, akarudi nyuma, akatamka neno nusu na kuliacha. Kila alipokwama aliweka vidole viwili juu ya neno, akaliziba huku na huku, akalifunua kidogo kidogo. Mtahini aliinama kuviangalia vile vidole. Mimi dirishani nilikuwa natafuna ukosi wa sare yangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia usomaji mbovu namna ile, na sikuwahi kufurahi namna ile.

"Inatosha, mama," mtahini akasema. "Umefaulu."

Vigelegele vikapasuka. Mtu akanivuta mkono, mtu akanikumbatia, nami nikawa narukaruka tu. Mama peke yake ndiye hakusherehekea. Aliinua kiganja.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Sijamaliza."

Watu wakaketi tena. Aliendelea polepole, mstari hadi mstari, jasho likimtoka puani, mtahini amekaa na kalamu yake akimngojea. Alipofika mwisho alirudi juu, akaweka kidole kwenye jina moja, akaliziba, akalifunua. Kisha akatugeukia, macho yamemtoka.

"Jamani, kijijini kwa dada yangu wamechimba kisima! Kule Lindi! Wanachota maji pale pale kijijini!"

"Nani kakwambia?" akauliza jirani yule wa ndoo.

Mama alilitazama gazeti, kisha akamtazama yeye.

"Hakuna mtu aliyeniambia," akasema. "Nimesoma."