Kikohozi cha Bi Vijembe

Uwanja wa pikipiki zilizotumika uko nyuma ya kituo cha mafuta, umezungushiwa mabati yaliyopakwa rangi mara nyingi hata hakuna anayekumbuka rangi ya kwanza ilikuwa ipi. Ukiingia tu, kabla hujaona pikipiki hata moja, utamsikia Bi Vijembe. Kama umekuja kununua, utamkuta ni mcheshi. Kama umekuja kuuza, Mungu akusaidie.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Walimbandika madalali wenzake, wanaume watupu, baada ya kuingia pale na kiti chake cha plastiki na kukiweka penye kivuli bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakaanza kumwogopa, maana waligundua kwamba mwanamke yule ana uwezo wa kushusha bei ya pikipiki kwa mdomo mtupu, bila kugusa hata nati moja.

Na udalali, ukiutazama vizuri, ni kazi ya majina kuliko ya vyuma. Pikipiki mbili zinaweza kutembea barabara moja, zikala vumbi moja, zikatunzwa na fundi mmoja, lakini siku ya kuuzwa moja ikagombaniwa na nyingine ikakaa kwenye jua mpaka kiti chake kikapasuka. Pikipiki aina ya Swala, kwa mfano, haikai uwanjani. Mtu anainunua, anaitumia anavyotaka, na akiamua kuiuza anarudishiwa pesa ya maana. Kijana akisema ana Swala, hata baba mkwe anajikohoza na kumkaribisha vizuri. Bi Vijembe mwenyewe alikuwa na Swala nyeusi, aliyoitafuta kwa miaka ya jasho. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini ambacho hakuruhusu mtu akiguse kwa kazi nyingine.

Kipanga ni habari nyingine, na hapo ndipo penye mkasa wetu.

Wakati Kipanga zinaanza kuonekana mjini, watu walikuwa hawajaamua wazipende au wazichukie. Asubuhi moja ya baridi, jamaa mmoja akaileta yake uwanjani. Akapiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena, ikakohoa zaidi, ndipo ikawaka. Bi Vijembe aliona wazi kwamba choki, kile kidude cha kusaidia injini ya baridi iwake, haijavutwa, na pikipiki yoyote ile, hata Swala, isipovutwa choki kwenye baridi itakohoa. Aliona, akanyamaza. Badala yake akajishika kifua.

"Jamani, huyu mmemleta wapi? Mpelekeni hospitali! Hii si pikipiki, hiki ni kikohozi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule jamaa naye akacheka, kicheko cha aibu, akakubali bei ya kutupa. Bi Vijembe akaiuza pikipiki ile kwa faida nono kwa mtu wa mbali asiyesikia maneno ya mjini, akaenda zake nyumbani akiwa na moyo mweupe. Lakini jina halikwenda nyumbani. Lilibaki uwanjani, likatoka langoni, likaingia mitaani. Haukupita msimu, hata watoto wa shule wakawa wanazikoholea Kipanga zikipita. Fundi akiletewa moja alisema anatibu. Bei ikaporomoka, na haikusimama.

Sasa, Bi Vijembe alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa mama yao, seremala, mtu mpole anayezungumza na mbao kuliko anavyozungumza na watu. Siku moja mdogo mtu huyo alitokea kwa dada yake akiwa juu ya Kipanga.

"Wewe!" dada alifoka. "Dada yako ndiye dalali wa pikipiki, halafu unaenda kununua kama mtu asiye na ndugu? Tena hii!"

"Nimeipenda, dada," akasema, akatabasamu, basi.

Alinuniwa kwa siku kadhaa, kisha mambo yakapoa. Miaka ikapita. Kipanga ikabeba mbao, ikabeba fremu za madirisha, ikambeba mke wake kwenda kujifungua na kumrudisha na mtoto. Kama iliwahi kukohoa, seremala hakumwambia mtu.

Jumatatu moja akaja uwanjani akiisukuma, maana alikuwa ameiosha na hakutaka ipate matope. Akavuta kigoda, akakaa karibu na dada yake.

"Dada, kuna mzee anafunga karakana yake. Anauza mashine ya randa. Amenipenda, amesema ataniwekea mpaka Jumamosi. Ikipita Jumamosi, kuna mwenye duka la samani anaisubiri."

"Na bega lako?"

"Ndiyo hilohilo bega. Daktari ameshaniambia, nikiendelea na randa ya mkono litakuja kugoma kabisa. Na shule imeniita kwa kazi ya madawati, lakini wanataka kwa haraka. Bila mashine siwezi." Akapapasa tangi la pikipiki. "Kilichopungua ni bei ya hii. Wewe unauza pikipiki za watu wote. Niuzie na yangu."

Bi Vijembe akaitazama Kipanga, kisha akalitazama bega la mdogo wake.

"Iache," akasema. "Nenda kazini. Iache."

Aliianza kazi kwa bidii zote. Aliifuta Kipanga kwa kile kitambaa laini cha Swala yake, akaiweka mbele, karibu na lango. Wateja wa uwanja ule wana kawaida yao: kabla hawajauliza bei, wanaweka kiganja juu ya injini. Wakikuta ya moto wanaondoka, maana aliyeipasha kabla ya wao kufika ana jambo analolificha. Kipanga ilikuwa baridi. Mteja wa kwanza akaweka kiganja, akaridhika, akapiga kiki. Ikawaka mara moja, ikatulia, ikaunguruma vizuri.

"Si umeona?" alisema Bi Vijembe. "Injini safi. Inakula mafuta kidogo, vipuri rahisi, haina makuu. Pikipiki ya mtu mwenye akili."

Mteja akamtazama kwa wasiwasi. "Bi Vijembe, si wewe uliyetuambia hiki ni kikohozi?"

"Hii imepona."

"Kikohozi hicho kinatulia tu, mama. Hakiponi." Na akaenda zake.

Kadiri alivyosifu ndivyo mambo yalivyoharibika. Watu walimzoea akitukana, sasa wanamsikia akimwaga sifa kama anatangaza harusi, wakaanza kunong'onezana. Bi Vijembe anaisifu Kikohozi? Basi hiyo imeua mtu. Mwingine akasema imeibwa. Wa tatu akaapa kwamba aliiona ikitolewa mtoni. Kufikia Alhamisi, bei waliyomtajia ilikuwa chini ya ile ya Jumanne, na ile ya Jumanne ilikuwa tayari ni tusi.

Alhamisi hiyohiyo ndipo alipokuja Miwani, dalali wa upande wa pili wa uwanja, anayevaa miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Akaizunguka Kipanga polepole. Akajishika kifua.

"Dada yangu, mimi nina huruma. Nitaichukua kwa ajili ya vipuri. Mgonjwa kama huyu mtu hamlazi nyumbani, atawaambukiza wengine."

Wenzake wakacheka. Bi Vijembe alilisikia tusi lile, likamuingia mpaka ndani. Aliyajua maneno yale, aliujua hata mkono ule kifuani, maana ni yeye aliyewafundisha. Alimwambia Miwani atoke mbele yake, lakini sauti yake haikufika langoni siku hiyo.

Ijumaa alipita kwa mdogo wake. Alimkuta kwenye benchi la kazi, ameinamia ubao, anasukuma randa, anasimama, anasukuma tena. Wifi yake akaleta chai. Seremala alinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauacha umelala mapajani.

"Vipi, dada? Mteja hajapatikana?"

"Wapo wanaozungukazunguka."

"Usijisumbue sana. Ikishindikana, basi. Nitaendelea na hii." Akaipiga randa kofi dogo la kirafiki. "Tumezoeana."

Wifi mtu akageuka akaanza kukusanya takataka za mbao ambazo hazikuwa na haja ya kukusanywa. Bi Vijembe alimaliza chai yake haraka ikamuunguza ulimi, na njiani alilia, wala sioni aibu kulisema, maana hata yeye baadaye hakuona aibu.

Jumamosi asubuhi madalali walikuta kitu ambacho hawajawahi kukiona. Swala nyeusi ya Bi Vijembe imesimama kwenye mstari, kati ya pikipiki za kuuzwa, ufunguo uko mahali pake. Mwenyewe amekaa kwenye kiti chake cha plastiki.

Hakuhitaji kusema lolote. Walikuja, wakaweka viganja, wakaanza kupandishiana bei wenyewe kwa wenyewe. Iliuzwa kabla chai yake haijapoa. Alipoona inatoka langoni na mtu mwingine juu yake, aliangalia upande wa mabati.

Akazihesabu pesa, akatenga kiasi kilekile ambacho Kipanga ingestahili kama dunia ingekuwa na haki, akampelekea mdogo wake.

"Mteja amepatikana. Mstaarabu, hapendi kutajwa. Kimbia kwa mzee kabla hajabadili mawazo."

Seremala akamkumbatia dada yake kwa mkono mmoja, akaondoka mbio.

Jumatatu Bi Vijembe aliingia uwanjani juu ya Kipanga. Wacha nikuambie, mapokezi yalikuwa ya kifalme. Uwanja mzima ulikohoa. Wauza vipuri walikohoa, muosha pikipiki alikohoa, hata mlinzi wa kituo cha mafuta, mzee wa watu asiye na neno na mtu, naye alikohoa. Bi Vijembe aliegesha, akavua helmeti, akasema, "Poleni, kunyweni dawa," akaketi. Uso ulikuwa unamuwaka moto.

Lakini kila asubuhi alivuta choki, akapiga kiki moja, ikawaka. Akagundua kwamba anapita kituo cha mafuta bila kuingia mara nyingi kama zamani. Akagundua pia kwamba akiiacha sokoni hana haja ya kugeukageuka kuitazama, maana hakuna mwizi anayejiheshimu atakayeiba Kikohozi. Alishangaa kuona moyo wake umetulia.

Kikohozi kile cha uwanjani kilipungua, kisha kikaisha. Miwani ndiye aliyeanza kufikiri. Mwanamke huyu, alisema, hajawahi kupoteza hata senti. Ameuza Swala. Anaendesha Kipanga. Kuna anachokijua.

"Sijui chochote," Bi Vijembe alimwambia. "Nilimsaidia mdogo wangu, basi."

"Ndiyo, ndiyo," Miwani akasema, akakonyeza nyuma ya miwani yake, na kesho yake akanunua Kipanga, kisha nyingine. Wenzake walipomuona wakaanza nao kuzitafuta. Bei ikapanda. Bi Vijembe alisema ukweli kwa kila aliyemuuliza, na hakuna aliyemuamini.

Ndipo alipokuja seremala. Alikuwa anatoka kupeleka madawati, nywele zimejaa unga wa mbao, na alimpungia dada yake kwa mkono wa kulia, mkono umenyooka juu kabisa. Kisha akaiona Kipanga. Akaitambua kwa alama ya kamba aliyokuwa akifungia mbao kwenye keria.

"Kumbe mteja mstaarabu ni wewe."

Bi Vijembe akatazama chini. "Kaa," akasema. "Kuna neno nataka kukuambia. Lile jina la Kikohozi nililitoa mimi. Na siku ile niliona choki haijavutwa, nikanyamaza. Ningefunga mdomo wangu, pikipiki yako ingeuzwa vizuri, usingehangaika vile. Nisamehe, mdogo wangu."

Seremala alimtazama, kisha akaanza kucheka, yule mpole, akacheka mpaka unga wa mbao ukamdondoka mabegani.

"Dada, siku ile nilikuwepo. Nilikuwa langoni, nimekuletea stuli uliyoniagiza."

"Ulikuwepo?"

"Nikakusikia unavyoitukana. Nikajisemea, pikipiki za aina hiyo lazima ni nzuri. Mimi nimekua na wewe, dada. Tulipokuwa wadogo, kitu kibovu ulikuwa unakipita kimya. Ila shati langu ulilolitaka uliliita la babu, baiskeli yangu ukaiita ya mzimu, mpaka nikakupa mwenyewe. Ukikitukana kitu sana, najua unakitaka." Akajipangusa macho. "Basi nikasubiri. Kila mlipoikoholea, bei ikashuka. Iliposhuka mpaka ikafika mfukoni mwangu, nikanunua. Usingeitukana wewe, ningekuwa natembea kwa miguu hadi leo."

Bi Vijembe akajipiga kofi pajani. Halafu naye akacheka, huku machozi yanamtoka, na madalali wakageuka kuangalia kuna nini.

Walipotulia, seremala akainuka. Akaizunguka Kipanga polepole, mikono nyuma, akainamia bomba la moshi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ila dada, imechakaa. Tazama kiti hiki. Tazama taa. Na hii sauti yake, sijui kama itamaliza mwaka. Mtu akikupa chochote, shukuru."

Bi Vijembe akamtazama mdogo wake, akaegemea kiti chake cha plastiki, akakunja mikono.

"Unaitaka," akasema.

"Naitaka," akasema seremala.

Hapo ndipo mapatano yalipoanza, na wala dada mtu hakuanzia na bei ndogo.