Minyoo ya Mpira Niliyovuka Nayo Kwenda Ukerewe

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwangu Kiseke, Mwanza, bila kujua ninakwenda wapi. Nilikunja godoro, nikachukua begi na fimbo ya kuvulia, nikafunga mlango. Ningeweza kwenda Magu. Ningeweza kuvuka kwa kivuko cha Kamanga nikaangalia Sengerema kuna nini. Nilipofika mjini nilitembea tu hadi bandarini, nikakuta meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, inapakia watu, nikaingia.

Ndani ya begi kulikuwa na minyoo. Si minyoo ya kweli, ni ya mpira laini, mirefu kama kidole, yenye mkia unaochezacheza ukiivuta majini. Tuliipata kwenye mtumba, mimi na mwenzangu tuliyepanga naye chumba. Muuzaji aliimwaga juu ya turubai pamoja na midoli isiyo na mikono, akaapa ni ya watoto kuchezea. Mwenzangu, Mhaya, fundi wa majokofu, akaunusa mmoja na kusema, "Hiki ni chambo. Kuna watu huko duniani wanavulia hivi." Tukaichukua yote: myeusi, myekundu, myeupe, ya njano, ya buluu, mingine ya rangi ambayo hatukuwa na jina lake.

Mimi shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo ili nijue kitu ni lazima nikishike. Tulifunga kila rangi kwa uzi na kijiwe, tukaishusha majini kutoka kwenye jabali la kando ya ziwa, mmoja amelala kifudifudi anachungulia. Maji ya upande wetu ni ya kijani, mazito. Mnyoo mwekundu, ambao juu ya jabali ulikuwa unawaka, ulififia mapema ukawa kivuli. Mweusi ulionekana kuliko yote. Nikasema, basi, jibu ni mweusi. Mwenzangu akasema ninatazama kama mtu aliye juu, ilhali samaki yuko chini, anatazama kwenye mwanga. Tulibishana hivyo kila Jumapili, yeye akiwa ametoka kanisani na shati lake la kola, suruali ameikunja hadi magotini.

Siku moja tuliliacha kopo la minyoo dirishani, chini ya bati, jua likaipiga. Tulirudi tukakuta imeyeyuka kidogo na kugandana, wekundu umeingia kwenye weupe, njano imekuwa kama usaha. Mwenzangu akanyanyua mmoja wa rangi ya fizi. "Huyu mchumba wako huyu," akasema. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha wakampigia simu kutoka Kagera. Baba yake alikuwa ameshindwa kulima, kahawa na migomba ilihitaji mtu. Akaondoka na vyombo vyake vya kazi, minyoo akaniachia. Siku hizi nikimpigia anazungumzia migomba.

Niliendelea kuvua peke yangu, lakini nilichagua mweusi na hakuna aliyeniambia nimekosea. Nilibadilisha nikaweka buluu, hivyo hivyo. Hata samaki aliponasa sikujua ni rangi au ni bahati, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunikatalia. Hilo ndilo lililonitoa chumbani. Nilikuwa natafuta mtu wa kubishana naye.

Melini nilitandaza minyoo kwenye benchi ili nitenganishe iliyogandana. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na tenga la vifaranga akasogeza miguu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivyo vidudu vinauma?"

"Ni mpira, mama. Navulia sangara."

"Sangara wa kwetu wale mpira?" Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mwone! Mwanza wameanza kula matairi." Wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu akauliza kile ambacho huku kila msafiri huulizwa: "Unakwenda kwa nani?"

Nikasema natembea tu. Akatikisa kichwa, akarudi kwa vifaranga wake. Safari iliyobaki nilitazama maji.

Nansio niliuliza walipo wavuvi, nikaelekezwa mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa. Nikakaa kwenye mawe pembeni, nikafunga mnyoo mweusi, nikarusha. Nikarusha tena na tena. Nyuma yangu wanaume walikuwa wanaziba matundu ya nyavu.

"Mgeni!" mmoja akaita. "Unawalisha samaki wetu kandambili?"

"Bado hawajazikataa, kaka."

"Hawajazikataa kwa sababu hawajazijua kuwa ni chakula."

Wenzake wakacheka. Yeye akaacha wavu, akaja, akachutama, akaanza kupekua begi langu kama anachagua nyanya sokoni. Akatoa mnyoo wa njano.

"Weka huu."

"Huo utapotea majini. Mweusi ndio unaoonekana."

"Kuonekana ni kitu kimoja, kuliwa ni kingine. Mimi naonekana hapa kila siku, nani amenila? Angalia, furu, hawa samaki wadogo wa kwenye mawe haya, wana tumbo la njano. Sangara amewala tangu mdogo. Wewe unamletea nguo ya msiba!"

Nilibisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe nikaweka wa njano. Hatukukaa sana, uzi ukavutwa kwa nguvu, nikatoa sangara wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Jamaa akaruka.

"Nilikwambia nini? Haya, mrudishe, mtoto huyo. Watu wa uvuvi wakimkuta hapa tutakamatwa wote."

Nikamrudisha. "Hata mweusi angeula," nikasema.

"Thubutu!"

Jua lilikuwa limeinama na wenzake walikuwa wanasukuma mtumbwi, wakimwita. Akasimama, akapangusa mikono kwenye kaptula. "Umefikia kwa nani?"

"Sijafikia kwa mtu."

"Huna mtu Nansio nzima?" Alinitazama kana kwamba nimesema sina jina. Akanionyesha kwa kidevu njia ya kupita nyuma ya soko, kwenye nyumba ya wageni. "Kesho nikirudi, lete huo mweusi wako tuone." Akakimbia, akaingia majini, akadandia. Watu husema mengi wakiwa wanasukuma mtumbwi. Sikujua kama alimaanisha.

Nyumba ya wageni ilikuwa na ua wa saruji na kamba ya nguo. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Karibu. Mko wangapi?"

"Mimi tu, mama."

"Unarudi na meli ya asubuhi?"

Kila nilipolala ugenini miaka hii, jibu lilikuwa ndiyo. "Hapana," nikasema. "Nitakaa kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka wavuvi warudi."

"Wavuvi hurudi kila siku, mwanangu," akasema, akanipa ufunguo na kunionyesha bafu lilipo.