Majembe ya Bati

Bujiku wa Samuye alikuwa na sifa moja tu, na hakumwachia mtu nafasi ya kuisahau. Ujanani, katika bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, alirusha jembe la chuma likazunguka mara tatu hewani, akalidaka kwa mkono wa kushoto bila kupoteza mdundo. Kazi hiyo ilimla kidole kimoja. Kila mgeni alionyeshwa kisiki chake kabla hajapewa maji.

Mwaka 1953, baada ya mavuno, alijiwa na Cornel, karani wa chama cha pamba.

"Shikamoo, baba. Sisi Bagalu tunataka kuifufua ngoma yako, ile ile ya zamani. Bagika wana chatu mwaka huu."

Hapo Bujiku akaelewa. Bagalu na Bagika, makundi mawili hasimu ya ngoma, hucheza uwanja mmoja, saa ile ile, bila mwamuzi. Watu ndio waamuzi: kundi watakalolihamia ndilo limeshinda. Na Cornel alikwisha kutangaza hadi Kolandoto kwamba inakuja ngoma ya Bujiku. Wakishindwa, jina litakaloaibika ni la Bujiku, si la karani.

Wachezaji walikuwa vijana kumi na wawili waliorudi kutoka machimbo ya Geita na miwani ya jua na suruali zilizopigwa pasi. Mwaka mzima walikuwa wamepasua mawe, na jembe hawakutaka hata kuliona. Siku ya kwanza ya mazoezi mmoja alijiangushia lake mguuni. Siku ya tatu kiongozi wao, Thobias, akaja na majembe mapya aliyochongewa na fundi bati kwa madebe ya mafuta ya taa, yamepakwa rangi ya fedha.

"Kwa mbali hayajulikani, mzee."

"Hata ninyi kwa mbali mnafanana na wachezaji," alijibu Bujiku.

Mizunguko mitatu ikawa mmoja. Sehemu ya kuchuchumaa ikafutwa, maana iliharibu suruali. Zamani watu waliinama kama wakulima. Hawa waliinama kama watu wanaotafuta sindano. Bujiku alifoka mpaka sauti ikamkauka, na usiku hakulala kwa hofu.

Siku yenyewe ulivuma upepo. Thobias alirusha jembe lake, upepo ukalichukua, likatua kwenye kikapu cha mama mmoja muuza karanga. Watu wakacheka. Mwingine akalikimbilia lake hadi kwenye miba. Wakacheka zaidi, wakaitana. Upande wa Bagika ukabaki na mwenye chatu, chatu, na mke wa mwenye chatu.

Bagalu wakashinda. Bujiku akabebwa mabegani, akiitwa mwalimu wa walimu. Alijua kabisa kwamba ngoma yake ilikuwa imechinjwa mchana kweupe, na angeweza kusema hivyo. Lakini kulikuwa na pombe, kulikuwa na ng'ombe aliyechinjwa kwa heshima yake, na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wote. Akanywa, akala.

Mwaka uliofuata kila kijiji kilikuwa na majembe ya bati. Bujiku alifuatana na jamaa harusini Kolandoto, kwa watu wasiomjua sura, na vijana wa huko walipoanza kucheza, uvumilivu ukamwishia. Akaomba jembe la chuma jikoni, akaingia uwanjani, akalirusha. Likazunguka mara tatu. Akalidaka safi, kama ujanani, na moyo ukamjaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja, Philomena, mtu mpole sana, alimsogelea akamnong'oneza ili asimwaibishe.

"Baba, usikasirike. Ngoma ya Bujiku haichezwi hivyo. Jembe lazima likuponyoke, ulikimbilie."

"Huyo Bujiku umewahi kumwona akicheza?"

"Mimi sijamwona, baba. Lakini ndivyo alivyofundisha."

Watu walikuwa wakimtazama, wakingoja. Bujiku alirusha tena jembe, akaurudisha mkono nyuma, akaliacha lianguke. Uwanja mzima ukampigia vigelegele.