Mdomo wa Kalibu ya Kengele

Jumamosi, 8 Novemba. Mawingu yametanda upande wa ziwa tangu asubuhi, mvua haikushuka. Vumbi tu.

Leo tumefunga kalibu mpya kwenye presi, mashine yetu ya kukunjia bati. Nilikuwa na wasiwasi, maana aliyeichagua ni mimi, na mimi niliishia darasa la saba.

Kengele za ng'ombe tunazitengeneza kwa bati la mapipa ya zamani. Kwanza nilikuwa nazikunja kwa nyundo, lakini kifundo cha mkono kimegoma. Bila presi sina kazi. Kalibu ya chuma cha kawaida ilikuwa inalika upesi kwa kutu na mchanga wa mapipa, ndiyo tukaamua mdomo wake uwe wa kabaidi, ile ngumu inayowekwa kwenye ncha za keekee za kutobolea mawe. Fundi wa Mwanza alitueleza kwa simu: yenye kobalti kidogo, yaani ile madini inayoishikiza, ni ngumu mno, hailiki, ila ikishtuliwa inapasuka kama kikombe. Yenye kobalti nyingi inalika mapema, lakini inavumilia kishindo.

Shemeji, ambaye presi ni yangu na yake, alitaka ile ngumu.

"Shemeji, wewe dukani unachagua panga butu?" akaniuliza.

Hakukosea, shida yetu ilikuwa kulika. Ila presi yetu haisukumi, inagonga. Tumeiunda kwa gurudumu zito la mashine ya kusaga, ndilo linaloishusha kwa kishindo. Nikaagiza inayovumilia.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka mchana. Kawaida mshono wa pipa tunaukata kwanza, maana pale bati limekunjwa mara mbili. Kipande kimoja kilikuwa na lami, mshono hatukuuona, sote wawili. Shemeji akakiingiza. Paa! Presi ikaruka na meza yake.

"Imekwenda?" akauliza, mikono kichwani.

Nikafuta kwa mafuta ya taa, nikamulika na simu, nikapitisha ukucha pole pole kuzunguka mdomo wote. Hakuna ufa. Nikarudia, maana sijiamini. Hakuna.

"Nzima," nikasema, nikakaa chini hapo hapo.

Shemeji akaokota ile kengele iliyotoka imepinda, akanitikisia sikioni. "Vaa wewe, ng'ombe wangu, usije ukapotea."

Siwezi kusema ile ngumu ingepasuka, hatukuijaribu. Na hii ikilika mapema, shemeji atanicheka kwa haki. Lakini Jumatatu nina kazi.

Jioni tumekula ugali wa mtama, mlenda na dagaa. Nimeongeza, wiki nzima chakula kilikuwa hakipiti.