Siku ya Kuanua Tanga

Mpaka leo nikisikia harufu ya ubani, naiona sebule yetu ya Kaole ilivyokuwa tulipofiwa na mama. Vitanda viliegemezwa ukutani, majamvi yakatandikwa sakafu nzima, na wanawake wa ukoo wakalala hapo siku tatu kwa joto na mikoromo. Nilikuwa na miaka minane. Nililala katikati ya mashangazi nimemkumbatia mdogo wangu Idi, wa miaka mitatu, aliyekuwa akimwita mama usingizini.

Nilimuuliza bibi, mzaa mama, watu wana maana gani wakisema wataanua tanga. Akaniambia zamani wafiwa walitandika matanga ya majahazi ili wageni wapate pa kulala. Msiba ukiisha yakaanuliwa, kama tunavyoanua mpunga mvua ikija, kila mtu akarudi kwake. "Na Idi?" nikauliza. Bibi akanivuta karibu, akanifunga kanga upya. Nilikwisha kumsikia baba akisema barazani kwamba tanga likianuliwa, Idi ataondoka na shangazi yetu wa Lugoba, ambaye hakujaliwa mtoto.

Basi akili yangu ya kitoto ikaniambia tanga lisipoanuliwa, Idi haendi popote. Siku ya tatu, watu walipokwenda uani kupakua pilau ya khitma, nikabeba ndoo ya maji na kuimwaga yote juu ya majamvi. Shangazi wa Lugoba akapiga ukelele, "Mtoto huyu ana wazimu!" Nikangoja kofi. Bibi akayatazama majamvi, kisha akanitazama mimi. "Jamvi likikunjwa na maji linaoza," akasema. "Tutaanua kesho." Sijapata kupendwa vile tena. Lakini jua la Kaole halina huruma. Kesho yake adhuhuri yalikuwa makavu, na Idi akaondoka amelala begani kwa shangazi. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Mwaka huu tumemzika baba. Siku hizi ni turubai na viti vya plastiki vya kukodi, na vijana wa turubai huanza kufungua kamba watu bado wanakula. Sina ugomvi na turubai. Idi alifika asubuhi, mtu mzima mwenye mvi, akakaa kwenye viti vya wageni, na jirani akaniuliza yule ni nani. Kabla ya alasiri alinijia kuaga, akainama kwa adabu. "Shikamoo, dada. Poleni sana kwa msiba," akasema. Aliyezikwa alikuwa baba yake pia.